Trattoria za Roma si za matajiri: dhana potofu ninazozisikia kila wiki

Kazi yangu ni kuwapokea watu wa Afrika Mashariki wanaohamia Roma, wanafunzi kwa wafanyakazi: chumba, kibali cha kuishi, kadi ya basi. Tukishamaliza hayo, maongezi huhamia kwenye chakula, na hapo huwa naletewa maneno yale yale kuhusu trattoria, yaani migahawa ya kawaida ya Kiitalia: "Trattoria si ya watu kama sisi. Ukishakaa mezani lazima ule kozi zote, uache yuro hamsini." Nimechoka kuyasikia, maana yanawafanya watu wamalize shahada nzima mjini hapa wakila kebabu za karibu na stesheni ya Termini, huku chakula kizuri kiko mtaa wa pili.

Hakuna lazima yoyote. Menyu imepangwa antipasto (vionjo vya kuanzia), primo (tambi na kadhalika), secondo (nyama au samaki), contorno (mboga za pembeni) na dolce (kitamutamu) ili ujue kipi hutangulia kipi. Kuchagua ni kwako. Wachunguze Waroma wenyewe saa ya mapumziko ya mchana: sahani moja ya tambi, maji, kahawa, wanarudi kazini. Mhudumu akikuuliza "E di secondo?" (na secondo je?), mjibu "Basta così, grazie" (inatosha, asante). Atafunga daftari lake aende meza nyingine, na wala hatanuna. Primo katika mitaa wanakoishi watu, kama Garbatella, Centocelle au Testaccio, mara nyingi huwa kati ya yuro 10 na 13. Cacio e pepe iliyopikwa na anayejua inashibisha haswa: tambi, jibini la pecorino, pilipili manga na maji yaliyochemshia tambi, basi, na mchuzi unatoka mzito unaong'ang'ania uma. Mkiwa wawili, gawaneni contorno ya cicoria, mboga ya majani michungu, iliyokaangwa kwa kitunguu saumu na pilipili. Aliyekulia mboga chungu kama mnavu ataipenda kuliko Mtaliano.

Wanaorudi wakilalamika nawauliza mambo mawili: ulikula wapi, na saa ngapi? Jibu halibadiliki. Usiku, hatua chache kutoka Fontana di Trevi, chemchemi maarufu kwa watalii, mlangoni kijana anawavuta wapita njia kwa Kiingereza, na menyu imejaa picha. Pale unalipia chemchemi, ndugu yangu. Panda tramu au metro, ondoka katikati ya mji, nenda mchana, na tafuta ubao ulioandikwa "menù del giorno" (menyu ya siku) au "pranzo di lavoro" (chakula cha mchana cha wafanyakazi). Tena usiingie kabla ya kusoma bei: mgahawa unatakiwa kuzibandika nje, na usipoziona, endelea na safari yako.

"Wameniibia, wameniandikia mkate ambao sikuuagiza." Hili nalo. Mkoa wa Lazio, ambao Roma ndiyo makao yake makuu, ulipiga marufuku coperto, yaani ada ya kuketi mezani, kwa sheria ya mwaka 2006, lakini mkate ulioletewa ukaula unaweza kutozwa, mradi bei yake imo kwenye menyu. Huutaki? Sema "niente pane, grazie" kikapu kinapotua, kabla hujakigusa. Bakshishi si deni.

"Pizza ni lazima ukae pizzeria." Hapana. Pizza al taglio, yaani ya kukatwa vipande, huuzwa kwa uzito. Muuzaji anaweka kisu juu ya sinia, nawe unamwonyesha kwa kidole akate wapi. Anapima, anaipasha moto, unakula umesimama. Bei iliyoandikwa huenda ni ya kilo au ya etto, yaani gramu 100, kwa hiyo angalia vizuri usije ukashangaa kwenye mizani. Ukitaka chakula cha sahani cha haraka, ingia tavola calda: ni mama lishe wa Kirumi, unachagua kilichokwisha pikwa. Na kahawa inywe kaunta. Ukiketi mezani, bei yake hupanda.

"Jikoni hupika siku nzima." Trattoria nyingi hufunga mnamo saa tisa alasiri na kufunguliwa saa moja na nusu jioni. Zinazopika saa kumi karibu na vivutio zinawasubiri wageni.

La mwisho nalisema kwa Waislamu, nao ni wengi ninaowapokea: si kweli kwamba tambi za Kirumi zote zina nguruwe, na si kweli kwamba ni salama kwa sababu tu huoni vipande vya nyama. Carbonara, amatriciana na gricia hupikwa kwa guanciale, shavu la nguruwe, na kumwambia mpishi akutolee vipande hakusaidii, kwa sababu mafuta yake ndiyo mchuzi wenyewe. Cacio e pepe na pizza marinara hazina nyama. Gnocchi, vidonge laini vya viazi ambavyo kwa desturi ya Roma huliwa Alhamisi, na supplì, wali uliokaangwa kwa chenga za mkate, huja na mchuzi wa namna nyingi, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza: "C'è maiale?" (kuna nguruwe?)