Yale tunayoambiana Bukavu mvua ikishaua watu

Mvua ya juzi ilinyesha usiku mzima, asubuhi huku kwetu Kadutu, hapa Bukavu mashariki ya Kongo, ukuta wa jirani ulikuwa umelala juu ya kitanda cha watoto. Bahati watoto walikuwa wamehamia kulala na mama yao ju ya baridi. Nilimkuta mama yao anafua shati nyeupe ya shule kwa beseni, anasugua, anasuuza, udongo mwekundu unazidi kutoka tu, na watu waliokuja kumpa pole wakaanza yale maneno tunayorudia kila mara. Nimechoka kuyasikia ndiyo maana naandika.

La kwanza ni "mapenzi ya Mungu". Mimi nasali kama wengine wote na simkatazi mtu imani yake, ila ule ukuta ulikuwa wa tofali za udongo, umeegemea mlima uliochongwa wima kupata kiwanja, na kanivo (mfereji wa maji) ya juu yake imejaa masashe ya plastiki na chupa mpaka maji hayana pa kupita isipokuwa kwa nyumba ya yule mama. Miti ya kule juu ilishakatwa zamani, kwa makala (mkaa wa kupikia) na kwa kujenga, hakuna mizizi ya kushika udongo. Mvua tunaletewa, hayo mengine ni mikono ya watu na yanaweza kurekebishwa na watu.

Halafu kuna hili linaloniuma zaidi: "nani aliwatuma kujenga kwenye mteremko, ni vichwa vigumu." Jamani. Wengi pale walikimbia vita vijijini, wengine tangu miaka ya 1990, walifika mjini na mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani, na parseli (kiwanja) waliyoweza kununua ni ile ambayo mwenye pesa aliikataa. Tena waliuziwa na karatasi, kuna mtu alipiga muhuri. Maskini hachagui mteremko, anaachiwa.

Nakumbuka na mafuriko ya Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, watu walisema eti waliokufa hawakutaka kukimbia. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, kwa hiyo pale hawakuwepo wenyeji tu, kulikuwa na wamama waliotoka mbali na mizigo yao ya kuuza, na mito ikateremka kutoka milimani na mawe na miti na matope ikapita ndani ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa ni zaidi ya 400 na wengine maelfu hawakuonekana. Unakimbia wapi, mbele ziwa, nyuma mlima unashuka? Maji yanayokimbia hata yakiwa sentimita 30 tu, chini ya magoti, yanaweza kumuangusha mtu mzima, sembuse yakibeba mawe. Na kule kijiji cha Kasaba, Fizi, huku huku Kivu Kusini, Mei 2025, mafuriko yaliwakuta watu wamelala. Mtu hakimbii kitu ambacho hakuna aliyemwambia kinakuja.

Hesabu nayo inatudanganya, tunadhani waliokufa ni wale waliozikwa wiki ile basi imekwisha. Maji yakishapita yanakuwa yamechanganya choo na chemchemi, kipindupindu kinaanza, madimbwi yanaleta mbu na malaria, shamba limefunikwa na mawe kwa hiyo njaa inafika msimu unaofuata, na huyo mtoto aliyekufa kwa kuhara miezi mitatu baadaye hakuna anayemuandika kwenye daftari la mafuriko. Tena kuna waliobaki bila mwili wa kuzika. Matanga bila mwili yanaisha lini? Kuna baba bado anauliza uliza kwenye vijiji vya kando ya ziwa.

Wengine watakuambia mabadiliko ya tabianchi ni hadithi ya wazungu, wengine kinyume, ni sisi wenyewe tumeharibu hewa ya dunia kwa makala yetu. Makala yanaharibu milima yetu, nimeshasema, lakini moshi wa mafuta, gesi na makaa ya mawe unaopasha dunia, Afrika nzima inatoa kama 4% tu, Kongo haifiki hata 0.1%. Na hewa ikiongezeka joto kwa digrii 1 inabeba mvuke zaidi kwa karibu 7%, ndiyo maana mvua ikiamua kushuka inaweza kushuka kwa kishindo. Ila nisiongeze chumvi: wanasayansi walipochunguza mvua ile ya 2023 kuzunguka Ziwa Kivu walishindwa kusema tabianchi ilichangia kiasi gani, ju vipimo vya mvua vya huku ni vichache mno. Hata vyombo vya kujua kilichotuua hatuna.

La mwisho, radi. Kabare hapo jirani ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, satelaiti zimehesabu, ni ziwa na milima na hewa yenye unyevu vinakutana. Bado ikiua mtu tunatafuta mchawi, bibi mzee anachomewa nyumba bure. Na tunaogopa kumgusa aliyepigwa, eti ana umeme ndani. Hana. Mwili haubaki na umeme hata kidogo, na mara nyingi ni moyo umesimama tu, unaweza kurudi. Mshikeni hapo hapo, kama hapumui mbonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka bila kuacha, mwingine akimbie kutafuta pikipiki.