Lushoto mwezi wa saba sio nusu bei

Juzi nimepata tena meseji ileile: "Kaka, tunapanda Lushoto Julai, si ndo baridi, watu hawaji, tufanyie nusu bei." Kila mwaka kipupwe kikianza zinakuja hizi, na mi kazi yangu ni kupangia watu safari na kuwatembeza huku Lushoto, milima ya Usambara, sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hapa asome mwenyewe.

Baridi ni kitu kimoja, uchache wa wageni ni kitu kingine. Wabongo wengi wanaikimbia baridi, sawa, lakini Julai na Agosti ndo likizo za Wazungu, mvua imekata, njia za kwenda kijiji cha Mtae zinapitika vizuri, halafu kuna Sabasaba na Nanenane, zikigusana na wikiendi tu watu wa Dar na Tanga wanapanda na familia nzima. Unampigia mwenye loji wiki ya Sabasaba unamwambia nusu bei, anakukatia simu na ana haki. Ukitaka baridi na vyumba vitupu kwa pamoja, angalia mwisho wa Mei na siku za mwanzo za Juni kabla shule hazijafunga, na uje Jumapili uondoke Alhamisi. Aprili bei iko chini kweli, ila ile barabara ya kutoka Mombo kule chini kupanda huku kupitia Soni ni kona juu ya kona na mvua ikikolea udongo unashuka, kwa hiyo acha siku moja ya akiba. Basi, hilo la miezi tumemaliza.

Linaloniudhi hasa ni hili la bei. Watu wanadhani msimu wa chini kila kitu kinashuka. Kinachoshuka ni kitanda tu, manake kitanda kisipolaliwa leo hasara yake hairudi tena, ndo maana mwenye gesti anakupunguzia. Nauli ya basi kikomo chake kinapangwa na LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, hakiangalii kama kuna wageni au hamna. Ada ya kuingia msitu wa Magamba ni ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, ni ileile. Mafuta ya gari ni yaleyale, mchele ni uleule. Tena vingine vinapanda! Noah ya abiria pale Mombo haiondoki mpaka ijae, abiria wakiwa wachache unakaa masaa, ukifika usiku ndo kabisa, unakodi gari peke yako na punguzo lote la chumba linaishia kwenye zile kilomita 33 za kupanda.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme chumba ni 60,000 umebembeleza mpaka 40,000, mkalala siku mbili, umeokoa 40,000 na umefurahi. Umefika, unaomba maji ya moto, unaambiwa bomba la moto linategemea tanki linalochemshwa kwa kuni nyuma ya jengo, na mko wageni wawili tu, hawawezi kuliwasha tanki zima kwa ajili yenu, mtaletewa ndoo. Unataka moto wa sebuleni jioni, mzigo wa kuni unalipia. Unataka chakula, jiko halina kitu manake hawanunui nyama bila kujua nani anakula, kijana anapanda boda kwenda mjini kununua kuku na boda ni juu yako. Hakuna aliyekuibia hapo. Ulipunguza bei ya chumba, hukuuliza ndani ya hiyo bei kuna nini.

Kwa hiyo mi nasema, usipunguze bei, ongeza vitu. Mwambie: nalipa bei yako, lakini maji ya moto asubuhi na jioni, kuni kavu, blanketi la pili na chai nzito ya asubuhi iwe ndani. Nasisitiza kavu. Kuni mbichi ukiziwasha usiku wa Julai zinatoa moshi tu, mnafungua madirisha, baridi inaingia, umelipia kukohoa. Omba upigiwe picha ya stoo ya kuni, ukiona magogo yamepasuliwa, ncha zake zina nyufa, yako chini ya bati, ujue yamekauka. Wengine wananiona msumbufu kwa hili, lakini mji wenyewe uko mita 1,400 hivi na Magamba ni juu zaidi, usiku ule sio wa kubahatisha.

Na hiyo baridi sio moja. Upepo wa kusi unasukuma mawingu upande wa mashariki na kusini wa milima, yanakwama kwenye msitu, ndo maana Magamba unaweza kushinda kwenye ukungu na manyunyu wakati Irente kwenye ule ukingo wa magharibi jua limetoka na tambarare ya chini unaiona yote. Watu wanalipa zaidi wakae msituni halafu wanakodi gari kila siku kutafuta jua. Kaa mjini, Irente unaenda kwa miguu, njiani unanunua mkate na jibini, hiyo siku nzima imeisha kwa hela ndogo. Utabiri wa kwenye simu siuamini sana huku, unachukua eneo kubwa mno na mabonde yetu ni madogo. Namuuliza mtu aliyeko huko asubuhi ileile.

Kuna jambo moja sijatulia nalo. Nafundisha watu kubana bajeti, lakini chumba kikishuka sana, wa kwanza kukatwa ni dada wa usafi na kijana wa jikoni, wanaambiwa wapumzike nyumbani mpaka wageni warudi. Guaidi, yule anayetembeza wageni, naye anaanza kukubali siku nzima ya kutembea kwa hela ya nauli. Sina jibu safi. Ninachofanya, malipo ya guaidi hayaguswi, badala yake naunganisha makundi, manake huku tunalipwa kwa kundi, mkiwa watano mnagawana na kila mtu anapata nafuu.

Sweta nunua mitumbani, usinunue jipya kwa safari ya siku tatu. Na ukinitumia meseji niandikie tarehe, mko wangapi, mnatokea wapi na mtafika Mombo saa ngapi, hayo manne yananitosha kukupa hesabu ya kweli.