Kilo 25 za Dragi Si Samaki wa Kilo 25

Mimi ni fundi wa rili, zile mashine za fimbo ya kuvulia zinazozungushiwa mshipi. Kaskazi ikianza tu, simu nazo zinaanza. "Fundi, nimeletewa rili mpya, dragi kilo 25. Jodari wa kilo 40 itamweza kweli?" Dragi ni breki ya rili. Wageni nimewazoea kuuliza hivyo. Safari hii aliyeuliza ni nahodha, mtu aliyezaliwa na kukulia Watamu, ndipo nikaona bora niandike mara moja, yaishe.

Kilo zilizoandikwa kwenye boksi hazihusiani na uzito wa samaki. Zinaonyesha nguvu inayotakiwa ili spuli, yaani gurudumu linalobeba mshipi, ianze kuteleza wakati dragi imekazwa mpaka mwisho. Nduaro wa kilo 100 huletwa ubavuni mwa boti kwa dragi ya kilo 7 au 8, kwa sababu kazi ya dragi ni kumchosha. Kumzuia asiende ni kazi ya nanga.

Anayeamua kiasi cha kukaza ni mshipi. Ukiwa na mshipi wa kilo 24 kwa madaraja ya IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, unapima robo hadi theluthi ya nguvu hiyo, yaani kilo 6 hadi 8. Sasa hizo kilo 17 zilizobaki kwenye boksi utazifanyia nini? Anayebisha afunge mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, mwenzake aishike barabara, yeye asimame na fimbo bila mkanda wa kiunoni, avute mpaka mshale ufike 15. Kisha akae hapo dakika tano. Nitamsubiri.

Halafu kuna jambo ambalo boksi halisemi kabisa, na ndilo linalokata mishipi ya watu. Dragi uliyoipima asubuhi siyo dragi uliyonayo samaki akishakimbia. Washa, vile visahani vya ndani vinavyosuguana kufanya breki, zinashika kwa nguvu ileile, lakini mshipi unapotoka spuli inapungua unene, na kadiri inavyopungua ndivyo samaki anavyohitaji kuvuta kwa nguvu zaidi ili aizungushe. Chukua spuli ambayo ikijaa ina kipenyo cha sentimita 8 na kiini chake ni sentimita 4. Umeweka kilo 7. Nusu ya mshipi ikitoka, umefika karibu kilo 9, na hapo mtu hata hasikii tofauti. Balaa liko kwenye nusu ya pili: ukikaribia kiini unagusa kilo 14, na wewe mwenyewe hujagusa kitu. Ongeza uzito wa maji yanayong'ang'ania mshipi wa mita mia kadhaa uliopinda baharini. Na sasa, jamani, katika dakika hiyohiyo ndipo mtu anapopiga kelele "Kaza! Kaza!" Unapaswa kulegeza. Mshipi ukikatika, lawama zinaletwa kwangu, eti fundi hakufunga vizuri.

Ndiyo maana naona mabadiliko ya maana kwenye rili za siku hizi si ile namba kubwa. Ni spuli zenye kiini kipana, zikijazwa mshipi mwembamba wa kusuka, ambapo kipenyo hakibadiliki sana hata samaki akichukua mita 300. Hilo halitangazwi kwa herufi kubwa.

La pili ni joto. Dragi ya kilo 10, samaki anachukua mita 10 za mshipi kwa sekunde: hiyo ni karibu wati 1000, umeshika pasi ya umeme inayochemka ndani ya boksi la alumini. Washa za zamani za felti zikifika hapo zinalainika na kubanana. Nimefungua rili washa zimekuwa nyeusi na kung'aa kama zimepakwa vanishi, harufu ya kuungua bado imo. Washa za kaboni, kama zile HT-100 za kampuni ya Penn, zinavumilia. Kampuni ya Shimano kwenye rili yao ya Stella SW wakaongeza njia ya kulitoa joto lenyewe nje ya washa, na hiyo ni akili.

Lakini ubora wa kaboni ninaoupenda zaidi ni namna inavyoanza. Funga mizani, vuta polepole, tazama mshale. Ukipanda hadi 9 ndipo spuli inachomoka, kisha ukashuka 6, dragi hiyo itakukatia mshipi samaki akigeuka ghafla, hata kama boksi limeandikwa 30. Dragi nzuri inaanza na kuendelea karibu palepale.

Dragi ya wenzo, ile inayokazwa kwa kusukuma mkono wa pembeni, ina ugonjwa wake. Ukisukuma sahani ibane spuli kutoka upande mmoja, mzigo wote unaangukia beringi. Kazia rili ndogo kilo 20 uone mpini unavyokuwa mzito, na ukirudisha wenzo nyuma spuli haizunguki tena kwa uhuru. Kampuni ya Accurate walilijibu hilo kwa kuweka dragi pande zote mbili za spuli, zibane kwa usawa. Inafanya kazi. Pia ni washa mara mbili za kusafisha, na bei unaijua.

Grisi je? Hapa sina fatwa. Wapo mafundi wanaoapa kwamba kaboni iachwe kavu, wapo wanaopaka. Mimi napaka kiasi chembamba, kwa sababu chumvi yetu haina huruma, ingawa rili kavu kadhaa zilizopita mezani kwangu zilikuwa laini kuliko zangu. Na hizi dragi zilizozibwa kwa mpira, nina wasiwasi nazo: maji yanachelewa kuingia, kweli, ila yakishaingia hayatoki, na mwenye rili anakaa misimu miwili akijua yuko salama.

Ukirudi bandarini, kaza dragi kwanza kabla ya kuiosha, ili maji yasipenye kwenye washa. Mwagia maji baridi ya kawaida taratibu, usiipige kwa presha ya mpira. Futa, kausha kivulini, kisha legeza dragi kabisa mpaka safari nyingine. Ukiiacha imekazwa mpaka kusi iishe, usinipigie simu.