Dawa ya saratani inajuaje pa kwenda?

Dripu inaingilia mkononi, uvimbe uko kwenye titi. Dawa inaufikiaje?

Kwa kubahatisha. Damu huizungusha mwili mzima, na dawa nyingi za tibakemikali (kemotherapi) hushambulia seli yoyote inayogawanyika haraka, hata za mizizi ya nywele, za utumbo na za uboho unaotengeneza damu. Ndiyo sababu nywele hunyonyoka na damu hupungua. Doksorubisini, ile dawa nyekundu inayowashtua wagonjwa wakiona mkojo nao umebadilika rangi, huweza pia kuudhuru moyo. Kwa hiyo madaktari hujumlisha dozi zote alizowahi kupewa mgonjwa, na kuna kiwango wanachosita kukipita.

Si ifungwe ndani ya kitu?

Imeshafungwa. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil: doksorubisini ile ile ndani ya kifuko cha mafuta chenye upana wa nanomita 100 hivi. Mamia ya vifuko hivyo vikipangwa foleni ndipo vinafikia unene wa unywele mmoja. Figo haziwezi kuvichuja, na mishipa ya damu ya uvimbe, kwa kuwa imeota harakaharaka na ovyo, huvuja, navyo hupenya humo. Moyo ukapata ahueni. Ila viganja na nyayo za baadhi ya wagonjwa zikaanza kuwa nyekundu, kuuma na kuchubuka. Madhara yalihama, hayakuisha.

Na kupenya kwenyewe tusikukuze. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya tafiti za miaka kumi, nyingi za panya, wakakuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya dozi ndiyo iliyofika kwenye uvimbe.

Asidi nukleiki zinaingiaje hapa?

Hizo ni DNA na RNA. Badala ya kuua seli, RNA huipa maelekezo: tengeneza protini hii, au nyamazisha jeni ile. Tatizo ni udhaifu wake. Ikiachwa uchi kwenye damu, vimeng'enya, yaani protini za kuvunjavunja vitu, huikatakata ndani ya dakika chache. Ikifungwa kwenye mafuta husalimika, na seli huimeza, lakini huimezea ndani ya kijifuko chenye asidi, mahali pa kusagia taka. Ujanja uko kwenye mafuta yenyewe: yakiwa kwenye damu hayana chaji ya umeme, yakikutana na asidi hupata chaji chanya na kuupasua ukuta wa kijifuko. Hata hivyo, utafiti mmoja wa mwaka 2013 ulipima ukakuta ni asilimia 1 hadi 2 tu ya RNA iliyochomoka. Kwangu mimi, hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko pote.

Mbona mafanikio mengi ya dawa hizi za RNA ni ya ini?

Kwa sababu ini lenyewe huyadaka mafuta yanayobeba RNA. Protini ya damu iitwayo ApoE huyang'ang'ania mafuta hayo, nazo seli za ini zina mlango wa kuipokea. Patisirani, dawa ya kwanza ya aina hii, iliyoidhinishwa mwaka 2018, hunyamazisha protini inayotengenezwa hukohuko kwenye ini. Uvimbe wa mfupa au wa pafu hauyadaki kwa urahisi hivyo.

Basi mgonjwa asubiri hizi mpya?

Hapana. Dawa nyingi za RNA dhidi ya saratani bado ziko kwenye majaribio. Aendelee na tiba yake, na viganja vikianza kuwaka moto amwambie muuguzi siku hiyohiyo, asingoje dripu ijayo.