Jino la Kupandikiza Haliozi, Lakini Fizi Yake Huugua

Jino langu la kupandikiza ni la chuma. Kwa nini nijisumbue kulisafisha?

Kweli, halitoboki. Skrubu iliyo ndani ya taya ni ya titaniamu, na kichwa chake, yaani jino linaloonekana mdomoni, mara nyingi ni cha kauri. Kinachougua ni fizi na mfupa unaolishikilia. Jino la asili limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzinyuzi, na fizi imelishika barabara. Jino la kupandikiza halina nyuzi hizo: mfupa umegandana na titaniamu, nayo fizi imeliegemea tu. Ukoga ukijikusanya ukingoni, bakteria hushuka chini upesi. Mwanzoni fizi huwa nyekundu, huvimba na kutoka damu. Hapo ikisafishwa vizuri hupona. Ukipuuza, mfupa huanza kulika, na kuurudisha ni kazi ngumu sana.

Ninalosisitiza kwa kila mgonjwa ni hili: usisubiri maumivu. Skrubu haina neva, hivyo mfupa unaweza kulika miezi mingi bila wewe kukosa usingizi hata usiku mmoja. Damu kwenye mswaki ikupeleke kliniki wiki hiyohiyo.

Nilisafishe vipi?

Mswaki laini, asubuhi na usiku, dakika mbili, ukiuinamisha pale fizi inapokutana na jino. Upande wa ulimi ndio watu husahau. Katikati ya meno tumia vibrashi vidogo ambavyo waya wake umefunikwa plastiki, au uzi wa meno, kisha uangalie usiache kipande cha uzi kimenasa. Njiti za kiberiti na pini, hapana kabisa. Dawa ya meno yenye mkaa pia iache, hukwaruza.

Nimezoea mswaki wa mti. Niuache?

La. Itafune ncha mpaka ilainike. Ila hauingii katikati ya meno, kwa hiyo vibrashi bado unavihitaji.

Nimepandikizwa jana tu.

Usikiguse kidonda kwa mswaki mpaka daktari akuruhusu. Meno mengine yasugue kama kawaida. Baada ya saa 24, sukutua polepole kwa maji vuguvugu ya chumvi. Kula uji na vyakula laini. Usivute sigara: inapunguza damu inayofika kwenye kidonda. Mwenye kisukari adhibiti sukari yake, maana ikipanda kidonda huchelewa kupona. Mfupa kwa kawaida huhitaji miezi 3 hadi 6 kushikana na skrubu.

Nilitibiwa India. Huku nyumbani nani aniangalie?

Daktari wa meno aliye karibu nawe, kila miezi 6, au 3 ikiwa uliwahi kuugua fizi. Mpelekee picha ya eksirei ya mwanzo, ailinganishe na mpya aone kama mfupa umeshuka. Mpe pia karatasi yenye aina na ukubwa wa skrubu. Viwanda hutofautiana na vifaa vyake haviingiliani. Kama huna, iombe leo kwa waliokutibu. Jino likianza kucheza, usilitikise kwa ulimi wala usingoje: pengine ni skrubu ndogo ya juu tu, ile inayoshikilia kichwa cha jino, imelegea, na hiyo hukazwa.