Kikaratasi cha mjomba: ladha ya muziki inapohama programu

Mjomba wangu alikuwa na duka la kurekodi kanda Ngamiani, Tanga: chumba kimoja, deki mbili za kaseti, feni, na rafu ya kanda zilizoandikwa ubavuni kwa wino mwekundu. Mteja alileta kanda tupu ya dakika 60 au 90 na kurudi kesho yake kuichukua. Mji wa Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu, na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa upande wa dansi, haukuwa na uhaba wa vya kuchagua, lakini wateja wengi hawakutaja hata wimbo mmoja. Walisema tu, "Nijazie." Mjomba aliwajua, na alichokijua alikiandika kwenye daftari, kila mteja na ukurasa wake. Mama mmoja wa Makorora: taarabu ya zamani, udi na fidla, asiwekewe kinanda cha umeme. Dereva wa lori wa Chumbageni: dansi, magitaa, nyimbo ndefu za safari.

Mteja alipohamia Dar es Salaam, mjomba alimwandikia kikaratasi cha kumpelekea fundi mwenzake Kariakoo. Kimoja nakikumbuka kwa sababu nilikiandika mimi, yeye akinitajia huku akigeuza kanda: "Huyu ni mtu wangu. Anapenda sauti ya mwanamke na fidla. Dansi mpe mara mojamoja. Usimpe za harusi." Hakikutiwa kwenye bahasha. Mteja alikisoma njiani, na kama mstari haukumpendeza aliukata mwenyewe.

Siku hizi kazi yangu ni mifumo ya mapendekezo, ile sehemu ya programu ya muziki au filamu inayoamua kitu gani kikufuate baada ya hiki. Kwa miaka kadhaa sasa swali linalonishughulisha ni lile lile la kikaratasi: mtu akihama huduma moja kwenda nyingine, ladha yake ahame nayo vipi, na ahame na kiasi gani?

Nilirudishwa kwenye swali hilo na mama. Alibadilisha programu ya muziki kwa sababu ile mpya ilikuja pamoja na bando lake. Wiki ya pili akanipigia. Nikamwamkia, hakungoja hata niulize habari za nyumbani.

"Mwanangu, hii simu imenisahau."

Kila akifungua anapewa nyimbo za vijana. Simu haikuwa na kosa. Huduma mpya haimjui, na mfumo usiomjua mtu humpa kinachopendwa na wengi wa nchi yake. Miaka mitano ya kusikiliza ilikuwa imebaki kwenye seva za huduma ya kwanza, nami nikamwahidi kwamba nitaihamisha.

Kabla ya kueleza nilivyokwama, nieleze kwanza kilichomo kwenye seva hizo, maana watu huchanganya vitu viwili. Kuna kumbukumbu: wimbo fulani, siku fulani, saa fulani, ulichezwa kwa sekunde kadhaa. Hilo ndilo daftari. Halafu kuna kile ambacho mfumo umekikokotoa kutokana na kumbukumbu zako na za watu wengine wote. Wazo lake ni la tangu mwaka 1994, mradi wa GroupLens ulipoanza kupendekeza makala za Usenet, mabaraza ya majadiliano ya mtandaoni ya enzi hizo, kwa kanuni nyepesi: watu waliokubaliana jana huenda wakakubaliana kesho. Leo mifumo mingi humgeuza kila msikilizaji kuwa safu ya namba, labda mia, labda zaidi, na kila wimbo nao ukapewa safu yake. Safu zikikaribiana, unapendekezewa.

Mtu akisikia hivyo husema: basi zihamishwe hizo namba, si ndizo ladha yenyewe? Hazihamishiki, na sababu yake inastahili kueleweka. Chukua watu wawili wachore ramani ya mji wa Tanga bila kuonana. Mmoja anaweka bahari juu ya karatasi, mwingine anaiweka kulia. Ramani zote mbili ni sahihi. Lakini ukimwambia huyu wa pili, "nyumbani kwetu ni vidole vitatu juu na viwili kushoto," utamtupa kwingine kabisa. Kila huduma huchora ramani yake kuanzia karatasi tupu, na pande zake haziwiani na za mwenzake. Zinaweza kulinganishwa, hilo ni kweli, kama wote wawili wametia alama stesheni ya reli, uwanja wa Mkwakwani na Raskazone: unaigeuza ramani moja mpaka alama zilaliane. Kwenye muziki, alama hizo ni nyimbo ambazo huduma zote mbili zinazo na zinazitambua. Kwa msikilizaji wa pop ya Marekani ziko nyingi mno. Kwa mama yangu, nitakuja.

Walikuwepo waliojaribu njia ya katikati. Mwaka 2007 lilisukumwa pendekezo lililoitwa APML, faili ambayo ungebeba kutoka tovuti moja hadi nyingine, imeorodhesha mambo unayoyapenda na kila jambo limepewa alama kati ya hasi 1 na 1. Niliipenda sana nilipoisoma mara ya kwanza, maana ilitenganisha uliyoyasema mwenyewe na yale ambayo kompyuta imeyakisia. Haikushika. Kwa maoni yangu udhaifu wake ulikuwa kwenye zile alama. Taarabu 0.8 maana yake nini? Aliyeihesabu alihesabuje? Anayepokea hawezi kuuliza. Mjomba hakuandika kwamba mteja anapenda taarabu kwa asilimia themanini.

Njia iliyodumu ni ya daftari lenyewe. Mwaka 2002 Richard Jones, akiwa mwanafunzi wa Southampton, Uingereza, alitengeneza Audioscrobbler: programu iliyoandika kila wimbo ulioucheza na kuupeleka kwenye daftari lako mtandaoni. Mwaka 2005 ikaungana na Last.fm, redio ya mtandaoni. Leo ipo pia ListenBrainz ya taasisi ya MetaBrainz, ambayo msimbo wake wa programu uko wazi kwa yeyote. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba daftari halikai kwa mwenye duka. Anayelisoma anaona nyimbo, kisha anakokotoa namba zake kwenye ramani yake.

Lakini hata daftari huandikwa kwa sheria za mwandishi wake. Kwa Last.fm wimbo huhesabiwa urefu wake ukizidi sekunde 30 na ukasikilizwa nusu yake au dakika nne, lolote litakalotangulia. Spotify huhesabu baada ya sekunde 30. Fikiria wimbo wa taarabu wa dakika kumi na mbili. Kwenye sekunde 30 fidla ndiyo kwanza zinajipanga, mwimbaji hajafungua kinywa. Huduma moja imeshaandika "amesikiliza," nyingine bado inangoja. Ukiyaunganisha madaftari hayo mawili bila kujua hili, unachanganya kilo na pishi.

Sasa nirudi kwa mama. Niliomba taarifa zake, kwa ruhusa yake na yeye ameketi pembeni yangu. Baada ya siku kadhaa yakaja mafaili ya JSON, maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome, mistari maelfu: jina la wimbo, jina la msanii, wakati, milisekunde. Nikaandika programu fupi ya kutafuta nyimbo hizo kwenye huduma mpya. Kati ya 40 alizozirudia zaidi, 11 tu ndizo zilizotambuliwa.

Nilikaa na zile 29 jioni nzima. Wimbo mmoja ulikuwa umepakiwa mara tatu kwa tahajia tatu. Mwingine ulikuwa na jina la kikundi bila mwimbaji, na kwenye huduma mpya una jina la mwimbaji bila kikundi. Sita zilikuwa ndani ya faili moja ya zaidi ya saa nzima ambayo mtu aliitoa kwenye kanda na kuipa jina lake yeye. Rekodi zinazotoka leo hupewa ISRC, namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, na kwa namba hiyo kompyuta mbili zinaelewana bila kubishana tahajia. Mfumo huo ulianza miaka ya themanini. Sehemu kubwa ya taarabu anayoipenda mama ilirekodiwa kabla ya hapo, na iliyo mtandaoni ilipandishwa na wapenzi, toka kwenye kanda kama zile za rafu ya mjomba. Haina namba. Kwa hiyo inapohama, inahama kama mzigo usio na anwani.

Hili linaniuma, na nalisema kila ninapokaa na wenzangu wa fani. Mijadala ya kuhamisha ladha hutumia muda wote kwenye njia ya kusafirishia, na kazi kubwa imefanyika. Mwaka 2018 Google, Microsoft, Facebook na Twitter walitangaza Data Transfer Project ili huduma zipokezane taarifa moja kwa moja mtumiaji anapotaka. Lakini barabara ya lami haimsaidii mwenye mzigo usiotambulika kwenye mizani. Kwa muziki wetu, kuhamisha ladha kunaanzia kwenye kuandika: nani aliimba, na kikundi gani, wimbo una urefu gani. MusicBrainz, hifadhidata ya muziki iliyo wazi mtandaoni, huruhusu mtu yeyote aongeze rekodi na kuipa utambulisho wa kudumu. Nimeanza na kanda za mjomba, moja baada ya moja.

Kuna jambo la pili nililoliona kwenye mafaili yale, nami sikulitafuta. Wakati umeandikwa kwa saa za Greenwich, saa tatu nyuma yetu. Nikaona kwamba karibu kila siku wimbo mmoja umekatwa katikati kati ya 09:10 na 09:40. Nikadhani ni nyimbo asizozipenda, maana kukatwa kwa wimbo ni ishara ambayo mifumo huichukulia hivyo. Kisha nikajumlisha saa tatu. Ni adhuhuri. Adhana ikilia mama anazima. Na muda ule ulikuwa unasogea taratibu mwaka mzima, kama adhuhuri inavyosogea.

Nikashuka chini zaidi nikakuta pengo. Miezi minne na siku kadhaa, hakuna hata mstari mmoja. Kabla yake muziki wa kila siku, baada yake unarudi kidogokidogo. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Ilikuwa eda ya baba.

Faili ile ilikuwa ya "mapendeleo ya muziki." Ndani yake mlikuwa na swala zake, usingizi wake, na ujane wake. Hakuna hata kimoja ambacho fundi wa Kariakoo alihitaji kukijua ili amjazie kanda.

Na asidhani mtu kwamba kufuta jina kunatosha. Mwaka 2006 Netflix walitoa hadharani alama milioni 100 ambazo wateja wao wapatao laki nne na themanini elfu walizipa filamu, majina yakiwa yameondolewa, na zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeboresha mapendekezo yao kwa asilimia 10. Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kwamba ukijua alama nane tu za mtu, mbili kati yake zikiwa za makosa, na tarehe zake kwa kukosea hadi wiki mbili, unaweza kuipata kumbukumbu yake peke yake katika asilimia 99 ya kumbukumbu zote. Shindano la pili walilokuwa wamelipanga Netflix likaachwa mwaka 2010. Wamarekani walikuwa wameshaonja jambo hilo: mwaka 1987 gazeti la Washington lilichapisha orodha ya kanda za video alizokodi jaji Robert Bork, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kulinda kumbukumbu za ukodishaji video.

Sheria zinasogea. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inampa mtu haki ya kuhama na taarifa zake, na Kenya iliiweka haki hiyo kwenye sheria yake ya 2019. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizoshikwa na wengine. Hata hivyo sheria ikikupa gunia zima, bado ni juu ya anayelibeba kuchambua.

Kwa hiyo ninachokitengeneza sasa ni kikaratasi. Programu inasoma mafaili hapohapo kwenye simu, haipeleki kitu popote, na inatoa orodha fupi: nyimbo, waimbaji, urefu, namba ya utambulisho pale ilipo, na neno moja kati ya "kila mara," "mara mojamoja" na "usimpe." Saa hazimo. Tarehe hazimo. Najua kuna gharama: huduma mpya haitajua kwamba asubuhi anataka kaswida na taarabu ni ya jioni. Akitaka ijulikane, ataandika mwenyewe kwa maneno. Na orodha hiyo anapewa mpokeaji mmoja, haibandikwi hadharani, kwa sababu hata nyimbo tupu zikiwa adimu humtaja mtu.

Jumamosi nilimpelekea mama orodha yake barazani, nimeichapa kwa herufi kubwa. Akavaa miwani, akasoma kwa kidole. Nyimbo mbili akazikata. "Hizi alikuwa anasikiliza mjukuu wangu, mimi sizitaki." Kwenye "usimpe" akaongeza moja bila kunieleza sababu. Kisha akaniuliza mbona fulani haumo, akaimba mshororo wa kwanza. Haumo kwenye mafaili yake, haumo kwenye huduma yoyote niliyotafuta. Alikuwa nao kwenye kanda aliyorekodiwa na kaka yake.

"Uandike tu," akasema.

Nikauandika kwa tahajia yake, na jina la mwimbaji kama alivyonitajia. Mahali pa namba nimepaacha wazi.