Kidakio si banda, wala si kisima

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, upande wa juu wa Nansana, nje kidogo ya Kampala. Mgeni wa mradi alizungumza Kiingereza. Kiganda alikishika mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, mwenyewe, na Kiswahili, kwa ajili yetu tuliohamia hapa kutoka Arua, Gulu, Goma na kwingineko, akapewa kijana mmoja mwenye bidii. Mgeni akasema tushirikiane kulinda watershed ya kinamasi cha Lubigi. Kijana hakusita: "Anaomba tushirikiane kulinda banda la maji." Hajji mwenye duka la mabati akanyosha mkono. "Banda hilo litajengwa wapi, na zabuni ya mabati kapewa nani?"

Watu walicheka, mimi nikiwemo. Ila nilikuwa nimeshachoka. Mwezi uleule nilisikia neno hilo likigeuzwa kuwa kisima, halafu tangi. Na pale chini kwenye chemchemi yetu kuna kibao kilichoandikwa "Kidakio cha maji", mshale ukielekea bomba moja lenye kutu. Aliyekiandika alilipata neno lenyewe, maana ikamponyoka.

Watershed kwa Kiswahili ni kidakio, na maana yake ni fupi. Kidakio ni ardhi yote ambayo mvua ikiinyeshea, maji yake huteremkia mahali pamoja: mtoni, kinamasini au ziwani. Yote, yaani kilele, mteremko, migomba, barabara ya changarawe, uwanja wa shule na paa la nyumba yako. Anayetaka maana tu anaweza kuishia hapa.

Neno la Kiingereza lenyewe lina mtego, na limewanasa hata wenye lugha yao. Hilo shed lililo ndani yake, ambalo likisimama peke yake huwa ni banda, hapa halihusiani na banda. Ni kitenzi cha kale chenye maana ya kutenga au kugawa, ndugu wa scheiden ya Kijerumani, na Waingereza waliliunda neno zima mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kuiga la Kijerumani, Wasserscheide, yaani mgawanyo wa maji. Kwao lilikuwa jina la mstari: ule mgongo wa kilima ambapo tone la mvua huamua literemkie upande gani. Wamarekani wakalichukua wakalitumia kwa eneo zima lililo chini ya mgongo huo. Kwa hiyo Mwingereza na Mmarekani wakikaa meza moja, mmoja anaweza kuwa anasema ukuta, mwenzake anasema nyumba. Hapa kwetu wataalamu wamesoma vitabu vya pande zote mbili, na mchanganyiko huo wanatuletea mikutanoni kama ulivyo.

Huo mstari wa Waingereza unapita katikati ya Kampala, na wengi tunauvuka kila siku kwa boda boda bila kujua. Mvua inayonyesha Nakasero, upande unaotazama kusini, huingia mfereji wa Nakivubo, ikapita kinamasi chenye jina hilohilo, ikaishia ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Mvua ya Mulago hufuata mfereji wa Nsooba hadi Lubigi, kisha mto Mayanja, kisha mto Kafu, ambao huungana na Nile huko upande wa ziwa Kyoga. Toka Nakasero hadi Mulago ni mwendo wa miguu tu. Milima haikutani, wanasema, lakini maji ya milima hii miwili hukutana: yale ya Victoria hutokea Jinja, yakapita Kyoga, na huko mbele yakakuta wenzao wa Kafu wanawasubiri.

Sasa turudi kwa Kiswahili, maana hapa ndipo ninapokosa subira. Tuna neno zuri kuliko lao, na tunalitumia kuandika vibao vya bomba. Kudaka kila mtu anakujua. Golikipa hudaka mpira. Kile kinyama kinachoning'inia kooni tunakiita kidakatonge, kwa kuwa kazi yake, kwa macho ya wahenga, ni kulidaka tonge. Mtu asiye na adabu hudakia maneno ya wenzake. Kutoka hapo ndipo kinapozaliwa kidakio, na wataalamu wa maji wa Tanzania husema vidakio bila kigugumizi.

Tazama lakini linavyojengwa. Halikutoka kwenye daka, limetoka kwenye dakia, kama kimbilio lilivyotoka kwenye kimbilia. Hiyo -ia ya mwisho wa kitenzi ni herufi mbili tu lakini ina kazi kubwa: humtaja mtu au mahali pa pili. Anayepika anapika, anayepikia anampikia mtu, au anapikia mahali. Basi kidakio kinamdakia nani? Kinamdakia aliye bondeni. Aliye juu, atake asitake, anadaka maji ambayo si yake peke yake. Neno lenyewe limekwisha kumtaja jirani kabla mgeni wa mradi hajafika na karatasi zake za ushirikiano. Ndiyo sababu "banda la maji" linanikera kuliko kosa la kawaida la tafsiri. Banda lina mwenyewe na lina kufuli.

Na "chanzo cha maji"? Hilo ni neno halali, ila hutumika ovyo. Chanzo ni mahali jambo linapoanzia. Tukiiita chemchemi chanzo, tunamwambia mtoto kwamba maji yameanzia pale kwenye jiwe. Hayakuanzia pale. Yalinyesha huko juu miezi mingi nyuma, yakanywea udongoni penye nyasi na miti, yakatambaa chini kwa chini, na kwenye chemchemi yamefika mwisho wa safari yao. Ukizungushia chemchemi uzio wa waya huku ukisakafia kilima kizima kwa saruji, umelinda mlango wa ghala ambalo hakuna anayelijaza.

Kuna hesabu niliyomfanyia Hajji baada ya mkutano, tukiwa tumeketi kwenye benchi dukani kwake. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 30, ambayo hapa si mvua ya ajabu, humwaga lita 3,000. Hizo ni jerikeni 150 za lita 20. Nyumba 50 za namna hiyo kwenye mteremko mmoja ni jerikeni 7,500, zote zikimwagwa kwa pamoja ndani ya saa moja au mbili juu ya watu wa chini. Zamani pale palikuwa na nyasi na migomba, na sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa ikizama ardhini. Hajji alinyamaza kidogo, akayatazama mabati yake yaliyopangwa ukutani. Akasema, "Kumbe banda lenyewe ninaliuza mimi." Sikumsahihisha. Alikuwa amekaribia ukweli kuliko mkalimani.

Neno jingine lililochafuliwa siku ile ni open space, yaani eneo la wazi. Kijana wetu alilitafsiri "ardhi tupu", na hapo nikamwona dalali mmoja, aliyekuwa akisinzia, akifungua macho. Tupu ni sufuria isiyo na kitu. Wazi ni mlango ambao haujafungwa, na mlango ulio wazi unapitisha watu na upepo. Kiwanja cha mpira, makaburi, shamba la kanisa, ukingo wa mto na kinamasi vyote ni maeneo ya wazi, na vyote vina shughuli. Kinamasi ndicho chenye shughuli kuliko vyote. Mafunjo hupunguza kasi ya maji, tope likatua, na mizizi ikachukua sehemu ya uchafu uliobebwa kutoka mjini. Utafiti wa mwaka 1999 uliikadiria kazi hiyo ya kusafisha maji, kwa kinamasi cha Nakivubo peke yake, kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kila mwaka. Ghuba kinapomwagia ndipo penye mitambo ya Ggaba inayovuta maji ya kunywa ya jiji. Tangu hapo mji umekisonga kinamasi hicho, ghuba imezidi kuchafuka, na shirika la taifa la maji limelazimika kujenga mtambo mwingine mkubwa mbali kule Katosi, wilayani Mukono. Hiyo ndiyo bei ya kukiita kinamasi ardhi tupu. Kisenyi nayo, pale mjini katikati, jina lake kwa Kiganda ni kinamasi. Nenda leo ukayatafute mafunjo.

Kuhusu ushirikiano nitasema machache, kwa kuwa ukikielewa kidakio sehemu kubwa imekwisha kujieleza. Kidakio hakifuati mipaka ya utawala. Wilaya ya Wakiso imeizunguka Kampala karibu pande zote, kwa hiyo maji ya Lubigi yanatoka kwenye mamlaka moja yakaingia nyingine bila kuonyesha kitambulisho. Ndiyo maana serikali iliigawa nchi katika kanda 4 za maji, yaani Victoria, Kyoga, Albert na Nile ya Juu, na ndani yake vidakio vina mipango na kamati zake. Kwenye karatasi mambo ni mazuri.

Ardhini kuna mailo. Neno hilo ni maili ya Kiingereza, kutoka maili za mraba walizogawiwa wakubwa wa Buganda kwa mkataba wa 1900, na hadi leo hati nyingi za huku kwetu zinateremka kutoka hapo. Mwenye hati huamini kwamba karatasi yake inashuka kilima hadi katikati ya mafunjo. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema vingine: maziwa, mito na vinamasi vinashikwa na serikali kuu au serikali ya mtaa kama amana ya wananchi. Kanuni za mwaka 2000 zikaongeza vipimo vya ukingo, mita 200 kwa Ziwa Victoria, 100 kwa mito mikubwa, 30 kwa midogo. Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilipobomoa nyumba ndani ya Lubigi, wengi ndipo walipoisikia ibara hiyo kwa mara ya kwanza, mbele ya tingatinga. Sheria ya mazingira ina njia ya upole pia, tangu 1995: mahakama inaweza kuiwekea ardhi ya mtu sharti la kuhifadhi, iendelee kuwa yake, lakini sehemu fulani asiijenge wala kuifukia, na akidhurika anaweza kudai fidia. Sijawahi kusikia mkalimani yeyote akiigusa sehemu hiyo.

Nairobi wana mfano wanaoweza kutuonyesha. Mwaka 2015 walianzisha mfuko wa maji wa Tana ya Juu, yaani sehemu ya juu ya mto Tana, ambapo watumiaji wa maji walio chini huchangia kuwasaidia wakulima walio juu kukata matuta na kupanda nyasi kwenye kingo, ili udongo usiteremke mtoni. Yule wa chini anamlipa yule anayemdakia. Ile -ia niliyoisema imegeuzwa kuwa fedha.

Kijana mkalimani alinifuata jioni, amekasirika kidogo, kwa kuwa mtu fulani alishamweleza kwamba nimemsema. Tulizungumza vizuri. Nilimwambia banda si dhambi, mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilikuwa nasema chanzo. Akauliza, sasa kile kibao cha pale chemchemi tufanyeje, tukifute? Nikamwambia hapana, rangi ni ghali, na neno lililoandikwa ni sahihi. Mshale tu ndio umekosea: tuugeuze uelekee juu, kwenye mapaa.